Kalenda ya Nyota Ilivunjika, Lokori Haikuambiwa

Karibu na Lokori, kando ya mto Kerio, yapo makaburi ya kale yaliyozungushiwa mawe yaliyosimikwa wima. Juu ya baadhi ya mawe hayo zimechongwa alama ambazo mfugaji wa Kiturkana hahitaji profesa wa kumfasiria: zinafanana na chapa anazochoma kwenye ngozi ya mifugo wake. Wanaakiolojia waliyaita Namoratunga I. Namoratunga II iko mbali sana kaskazini, pembeni mwa barabara ya Lodwar kwenda Kalokol. Huko kuna nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, nyingine zimeinama, zote zimebanana mahali padogo. Wenyeji husimulia kwamba walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka asiyechekwa, wakageuzwa mawe.

Mwaka 1978 Lynch na Robbins, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo za Kalokol zilipangwa kwa kufuata nyota. Ukitazama kutoka nguzo moja kupitia nyingine, walisema, unaelekea pale zilipokuwa zikichomoza Kilimia, Sirius na nyota nyingine za kalenda ya Waborana, mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Kwao huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina yake kusini mwa Sahara. Habari ilikuwa tamu. Ilizunguka magazetini na vitabuni, ikaingia katika maelezo wanayopewa watalii, na bado inasimuliwa hivyo hivyo.

Lakini tarehe ile ya 300 haikutoka Kalokol. Ilitoka Lokori, kwenye mfupa wa makaburini uliopimwa umri kwa kaboni, kisha umri huo ukavishwa nguzo za kaskazini kwa kuwa maeneo mawili yalionekana kushabihiana. Mwaka 1982 Robert Soper alizipima nguzo upya, akaonyesha jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu anaweza kulijaribu leo. Fungua dira ya simu yako, isogeze taratibu karibu na nguzo, kisha tazama mshale. Mawe ya volkeno yana chuma ndani yake, na baadhi yake yana nguvu ya sumaku ya kutosha kuivuta dira. Pembe zilizopimwa kwa dira karibu na mawe kama hayo si za kuaminika. Miaka mingi baadaye Elisabeth Hildebrand na wenzake walichimba na kupima maeneo ya nguzo magharibi mwa Ziwa Turkana, ikabainika kwamba Kalokol ni ya ukoo mmoja na eneo jingine la nguzo, Lothagam. Haya ni majengo ya wafugaji wa mwanzo wa eneo hili, ya kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Kuhusu Lothagam Kaskazini, makala yao ya 2018 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa pale, bila dalili kwamba wakubwa walitengewa mahali pao na wadogo pao.

Tarehe ikisogea hivyo, nyota nazo zinasogea. Mhimili wa dunia unayumba polepole, na mahali pa nyota angani pakihesabiwa kwa huo mhimili hubadilika kiasi cha digrii moja kila baada ya miaka 72. Ukizirudisha nyuma nguzo miaka 2,000, umelitelezesha anga digrii karibu 28. Kalenda iliyopigiwa hesabu kwa mwaka 300 kabla ya Kristo haina tena pa kusimama.

Lynch na Robbins hawakumdanganya mtu. Walikuwa na mfupa mmoja, dira, na fikra nzuri, na sayansi ikafanya kazi yake ya kuwakagua. Lalamiko langu ni jingine. Dai lilikuwa na miguu ya kwenda, lakini masahihisho hayakuwa nayo. Yamekaa katika majarida ya Kiingereza, baadhi yake ya kulipia, na mzee wa Lokori ambaye makaburi ya kijijini kwake ndiyo yaliyotoa ile tarehe hajaletewa. Hapo ndipo ninapotaka kuzungumzia uanagenzi wa uandishi wa sayansi. Mwanafunzi wa chuo akipewa miezi mitatu katika maabara ya Turkana, kazi yake ya kwanza isiwe kutangaza ugunduzi mpya. Wa kutangaza hawakosekani. Arudi kwenye habari iliyokwisha kutangazwa aulize imefikia wapi.

Huko nje nafasi hizi ni za kawaida. Maabara za kitaifa za Marekani huchukua wanafunzi wa vyuo waandike kuhusu kazi za wanasayansi wao, na tangu 1975 chama cha wanasayansi cha huko, AAAS, kimekuwa kikipeleka wanafunzi wa sayansi katika vyumba vya habari wakati wa kiangazi. Kwetu tuna atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Anayesoma uanahabari huenda redioni au gazetini, anayesoma biolojia huenda maabara akaosha chupa na kubandika vibandiko kwenye sampuli, na hawa wawili wanaweza kumaliza shahada bila kukutana hata mara moja. Mradi wa utafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi umejitahidi kuliko wengi: huwachukua vijana waliomaliza shule za sekondari za eneo hilo wakae miezi kadhaa miongoni mwa watafiti. Ni mfano mzuri, ingawa lengo lake ni kuwavutia vijana kwenye sayansi, na mimi namtafuta kijana wa kuiandika.

Turkana vifaa vya jambo hili vipo. Taasisi ya Bonde la Turkana, TBI, iliyoanzishwa na Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York, ina kituo Turkwel upande wa Lodwar na kingine Ileret ng'ambo ya ziwa. Vyote vina maabara ya visukuku, na kwa miaka mingi wanafunzi wa ng'ambo wamekuja kusomea huko kwa muhula mzima. Lodwar penyewe pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kuna Redio Akicha na Redio Maata, na Kakuma kuna Ata Nayeche. Kakuma pia ina Kanere, gazeti lililoanzishwa na wakimbizi mwaka 2008, na waandishi wake wamezoea kuuliza maswali ambayo mashirika hayapendi kuulizwa. Kinachohitajika ni mtu wa kuziunganisha meza hizi.

Amketishe wapi mwanagenzi? Wengi watasema ofisi ya mawasiliano, penye kompyuta na feni. Mimi nasema ofisi hiyo iwe ya mwisho. Aanze kwenye chekeche, ambako mchanga wa siku nzima unapepetwa ili lipatikane jino la panya, na siku nyingi halipatikani. Kisha akae wiki mbili kando ya mtu anayesafisha visukuku. Mtu huyu huinamia lenzi akiwa ameshika sindano ndogo inayotetemeshwa kwa hewa, anabandua jiwe kutoka kwenye mfupa chembe kwa chembe. Kipande cha ukubwa wa kidole kinaweza kumlia wiki nzima, na pale mfupa unapoishia hujaza pengo kwa kitu chenye rangi tofauti makusudi, ili atakayekuja baadaye ajue kipi kilitoka ardhini na kipi kiliongezwa na binadamu. Mwandishi aliyeiona hiyo rangi ya pili ataitafuta katika kila ripoti atakayosoma: wapi mfupa unaishia, wapi makisio yanaanzia.

Chukua Kanapoi, iliyoko kusini mwa Turkana katika bonde hilo hilo la Kerio. Mwaka 1965 timu ya Bryan Patterson wa Harvard iliokota hapo kipande cha mfupa wa mkono, ncha ya upande wa kiwiko. Kwa karibu miaka 30 mfupa ule ulikaa bila jina la uhakika. Timu ya Meave Leakey ilirudi miaka ya tisini. Mwaka 1994 Peter Nzube akapata taya, Kamoya Kimeu akapata mfupa wa muundi, na mwaka uliofuata spishi ikapewa jina Australopithecus anamensis, kutokana na neno la Kiturkana la ziwa. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 4. Magazeti yaliandika kwamba kiumbe huyu alitembea kwa miguu miwili, yakaishia hapo. Mwanagenzi wangu angelazimika kuandika inajulikanaje. Muundi ule umetanuka kwenye goti na kifundoni, penye mfupa wa ndani wenye vishimo kama sponji unaobeba uzito, na uso wa juu umekaa sawa juu ya mhimili wa mfupa, jinsi ulivyo kwa anayesimama wima. Maneno ni machache, lakini msomaji akishayapata anaweza kumbishia mwandishi, na mimi napenda wasomaji wabishi.

Na awaulize walioona kwanza. Majina ya madaktari wa falsafa hayapotei kamwe, ya vijana wa nyanjani hupita kwenye aya ya nne. Fuvu la nyani wa miaka milioni 13, Alesi, lililotangazwa katika Nature mwaka 2017 na timu ya Isaiah Nengo, lilionwa Napudet mwaka 2014 na John Ekusi, aliyekuwa amejitenga na wenzake avute sigara. Zana za mawe za Lomekwi, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zilipatikana mwaka 2011 kwa msaada wa macho ya Sammy Lokorodi. Mifupa ya Nataruk iliripotiwa kwanza na Pedro Ebeya mwaka 2012. Macho yale yalisoma nini chini ambacho mgeni hakukiona? Rangi? Mng'ao? Umbo lisilo la jiwe? Hiyo ni sayansi pia, na wenye kuijua wanatoweka. Mwaka 2022 peke yake tuliwazika Richard Leakey, Isaiah Nengo na Kamoya Kimeu.

Nataruk ina funzo lake. Ilipotangazwa Januari 2016 dunia ilisikia habari za mauaji ya halaiki ya miaka 10,000 iliyopita, watu 27, baadhi na vichwa vilivyopasuliwa. Haukuisha mwaka huo kabla Christopher Stojanowski na wenzake hawajaandika katika jarida hilo hilo kutilia shaka kama kweli watu wale walikufa kwa pamoja, na kama baadhi ya mivunjiko haikutokea baada ya kifo. Marta Mirazón Lahr na timu yake wakajibu. Kwangu mimi majibizano hayo yalikuwa na utamu kuliko tangazo lenyewe, na hayakupata hata robo ya nafasi magazetini. Eneo ambalo majirani zake wanasemwa kila mwaka kwa wizi wa mifugo na risasi lilistahili kuambiwa kwamba hiyo "vita ya kwanza" ina wenye shaka nayo.

Visukuku havimuui mtu, utasema. Basi tuje kwenye maji. Tarehe 11 Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kumegunduliwa hifadhi ya maji ya mita za ujazo bilioni 200 hivi. Teknolojia ilikuwa ya kampuni ya Kifaransa, RTI, iliyochanganya picha za setilaiti na rada na takwimu za miamba. Pia ilitajwa hifadhi ndogo zaidi chini ya Lodwar. Ndani ya siku moja tukasoma kwamba Kenya nzima ina maji ya miaka 70. Kwa mtu wa Lokori anayechimba kisima cha mkono katika mchanga wa Kerio wakati wa kiangazi, hiyo haikuwa habari ya kusoma na kuacha.

Taarifa ya UNESCO yenyewe ilikuwa na sentensi iliyosema utafiti zaidi ulihitajika kujua wingi na ubora wa maji hayo. Nani aliinukuu? Kwenye vichwa vya habari haikuonekana, na pale penye visima vya majaribio Lotikipi vipimo vya baadaye vilionyesha maji yenye chumvi kupita kiasi cha kunywa. Setilaiti inaweza kukupa umbo la bonde lililojaa mchanga, na mawimbi ya tetemeko la kupimia yanaweza kukupa kina, lakini chumvi hujulikana kwa kuchota na kupima. Hili mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia analijua. Angeweza kuuliza swali moja tu siku ile: mmeyaonja? Kule Lodwar hadithi ilienda vingine, kwa sababu hifadhi ya chini ya mji inapata maji ya mto Turkwel na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameichunguza kwa miaka kadhaa. Hata huko ubora wa maji unatofautiana kutoka kisima hadi kisima. Ripoti za namna hiyo hazina shamrashamra, na ndizo zinazomsaidia diwani kujua achimbe wapi.

Sasa kuna habari nyingine imeanza safari. Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jeni za Waturkana uliotokana na jenomu kamili 367. Timu hiyo ina watafiti wa KEMRI, wa TBI na wa vyuo vya Marekani. Walikuta maeneo manane ya jenomu yenye dalili za uteuzi asilia. Lenye dalili kali zaidi lina jeni iitwayo STC1, inayofanya kazi kwenye figo, inayohusiana na kubana mkojo mwili unapokosa maji, na pengine na kuukinga dhidi ya taka zitokanazo na mlo wa nyama na damu. Mabadiliko hayo yanaonekana kuanza miaka 5,000 hivi iliyopita, eneo lilipokuwa likikauka. Watafiti walisema wanatayarisha podikasti kwa Kiturkana ya kurudisha matokeo kwa jamii, nami nawavulia kofia.

Lakini nisikilizeni nyinyi mtakaoisimulia redioni. Sentensi "mwili wa Mturkana umezoea kiu" inaweza kuwa sahihi kwa maabara na ikawa sumu ofisini. Kesho afisa wa bajeti ataitumia kueleza kwa nini Turkana Mashariki inaweza kusubiri bomba la maji mwaka mwingine. Utafiti haukusema watu wanahitaji maji kidogo. Ulisema waliobeba aina fulani ya jeni walikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kuishi na kuzaa katika ukame, yaani wengine wengi hawakuishi. Uteuzi asilia hufanya kazi kwa vifo, na kwa watoto wasiozaliwa. Na kuna upande wa pili: mwili uliozoea mlo wa mifugo unaweza kupata taabu ya shinikizo la damu na sukari mtu anapohamia mjini akala unga na mafuta, jambo ambalo Lodwar na Kakuma zina haki ya kulisikia mapema. Mwanagenzi anayezungumza Kiturkana, aliyekaa na mwanajenetiki hadi akaelewa uteuzi ni nini, anaweza kuyatenganisha haya mawili katika kipindi cha dakika kumi. Mtafsiri aliyepewa taarifa ya Kiingereza saa moja kabla ya kipindi hawezi.

Wiki 12 ni chache. Mfupa unaoonwa Januari unaweza kutangazwa baada ya miaka mitatu au minne, na hadi hapo kila aliye kambini amefungwa mdomo kwa masharti ya jarida. Mwanafunzi ataondoka bila kitu cha kuchapisha, na chuo kitadai ripoti. Ndiyo maana ya kumpa kazi ya nyuma. Masahihisho ya Namoratunga, majibizano ya Nataruk na chumvi ya Lotikipi vyote viko wazi, na hakuna wa kumnyamazisha. Akimaliza, ripoti yake iwe na matoleo matatu: ya redio kwa Kiturkana, ya gazeti kwa Kiswahili, na ya Kiingereza kwa mhadhiri. Ya redio iandikwe kwanza, isiwe tafsiri ya ile ya tatu.

Gumu zaidi ni nani atakayepitisha maandishi yake. Maabara ikiwa na kalamu ya mwisho, tutapata vipeperushi. Isipokuwa nayo kabisa, makosa ya kisayansi yatapita, na mkurugenzi atafunga mlango mwaka ujao. Mkataba ninaoupendekeza ni mfupi: mwanasayansi anasahihisha ukweli, hagusi hukumu. Mhariri wa mwisho awe nje ya maabara, kwenye redio au chuoni, na kila aliyetajwa, pamoja na mwokotaji, asomewe sehemu inayomhusu kabla haijatoka.

Kisha fedha. Atachimenti nyingi za Kenya hazilipwi, na kijana wa Lokori asiyekuwa na ndugu Lodwar hawezi kupanga chumba miezi mitatu kwa ahadi ya cheti. Bila posho nafasi hizi zitakwenda kwa watoto wa Nairobi, wazuri tu, ila hawawezi kusema na mwokotaji bila mkalimani. Posho hiyo haihitaji mfadhili mpya. Wakala wa sayansi wa Marekani, NSF, ambao umegharimia uchimbaji mwingi katika bonde hili, tangu 1997 unamtaka kila mwombaji aeleze kazi yake itaifaa nini jamii pana. Sehemu hiyo ya ombi mara nyingi hujazwa kwa ziara ya shule na bango moja. NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa leseni za utafiti, nayo inamdai mwenye leseni nakala ya ripoti yake. Posho ya mwanagenzi mmoja ingeingia katika bajeti ya msimu wa uchimbaji bila kuonekana, mradi iandikwe humo tangu mwanzo. Gavana, chuo na wazee wa Lokori wanaotoa ruhusa ya kupita ardhini mwao wana nafasi moja ya kuidai: kabla ombi la fedha halijatumwa, maana likishatumwa kila senti ina jina lake.